Itoeni shule kwenye simu yangu: barua ya wazi kwa wakuu wa shule na maofisa elimu

Waheshimiwa wakuu wa shule, wajumbe wa bodi, nanyi wa ofisi za elimu mnaotuandikia nyaraka,

Salamu kwenu.

Kila inapovuja habari ya mwalimu, mwanafunzi na meseji zao, haipiti wiki kabla waraka haujatufikia. Maneno ni yale yale: walimu wanakumbushwa kujiepusha na mawasiliano yasiyo rasmi na wanafunzi katika mitandao ya kijamii, na atakayekiuka atachukuliwa hatua. Tunasaini kwamba tumeusoma. Kesho yake asubuhi, ofisi ile ile inatutumia ujumbe: walimu wa madarasa, wekeni ratiba ya mitihani kwenye magrupu, na wale ambao hawajaonekana tangu Jumatatu watafuteni kwa simu.

Kwa simu ipi? Yangu.

Waraka unanikataza, ujumbe unaniagiza, na siku mambo yakiharibika mimi ndiye nitakayesimama mbele ya kamati ya nidhamu. Nimechoka kukaa katikati hapo, na najua siko peke yangu. Kwa hiyo naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu sikuja kuomba mitandao ipigwe marufuku. Wala sikuja kuomba tuachiwe huru kila mtu afanye anavyotaka.

Litazameni grupu la darasa lilivyo. Limefunguliwa na mwalimu, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake, kwenye simu aliyoinunua mwenyewe. Humo mna namba za wanafunzi na za wazazi, picha za karatasi za mitihani, ujumbe wa sauti wa baba anayemgombeza mwanawe mbele ya darasa zima, na barua ya hospitali ambayo mama mmoja aliipiga picha akaituma kueleza kwa nini mtoto hatakuja. Vyote vimelala simu moja na picha za familia ya mwalimu na mabishano yake na ndugu zake. Akihamishwa, anaondoka navyo. Akiibiwa, mwizi anaondoka navyo. Shule haina nakala, haina nywila, na wala haijui mle ndani kumeandikwa nini. Hakuna mkuu wa shule ambaye angekubali rejista ya mahudhurio ilale nyumbani kwa mwalimu, chini ya mto wake, lakini hili limekubalika bila hata kujadiliwa kikaoni.

Tulifikaje hapa? Kwa sehemu kubwa ni mwaka 2020. Shule zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, UNESCO ilihesabu kwamba kilele kilipofika, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa. Palipokuwa na mifumo ya kusomea mtandaoni, ilitumika. Pasipokuwa nayo, ikatumika simu ya mwalimu, na tulishukuru kwamba ipo. Shule zikafunguliwa, madawati yakafutwa vumbi, lakini magrupu hayakufungwa. Hakuna aliyeandika yatakwisha lini, yatasimamiwa na nani, wala nani anaruhusiwa kuingia. Kilichoanza kama dharura kikageuka utaratibu, ila utaratibu wenyewe haujaandikwa popote.

Na magrupu hayo yana faida, msidhani naona vinginevyo. Yupo mwanafunzi ambaye darasani hanyanyui mkono mwaka mzima, lakini ukimwachia nafasi ya kuandika, anauliza swali linalokufanya ugundue kwamba nusu ya darasa haikuelewa somo la jana. Yupo mgonjwa anayetaka kujua wenzake wamefika wapi. Yupo aliyemaliza shule zamani anayehitaji barua ya utambulisho. Na yupo yule ambaye kwa mara ya kwanza anasema kwa maandishi jambo lisilotamkika mdomoni: kwamba nyumbani anapigwa, kwamba hajala, kwamba hataki tena kuishi. Ujumbe wa namna hiyo ukija, hauji kwa barua rasmi kupitia kwa mkuu wa shule. Unakuja usiku, kwa mtu mzima ambaye mtoto ameona anaweza kumwamini. Mkifunga njia zote, maumivu ya yule mtoto hayataisha. Atakachokosa ni mtu wa kumwambia.

Ndiyo maana marufuku ya jumla hayanivutii, na wapo waliokwisha kuyajaribu. Mwaka 2011 jimbo la Missouri, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwalinda wanafunzi, iliyopewa jina la mwanamke aliyenyanyaswa na mwalimu wake alipokuwa mtoto. (Yalimpata zamani, kabla Facebook haijazaliwa, jambo ambalo linafaa kukumbukwa kila tunapotaka kuibebesha simu lawama zote.) Kifungu kimojawapo kilimkataza mwalimu kutumia mtandao wowote unaompa nafasi ya kuwasiliana faragha na mwanafunzi wake wa sasa au wa zamani. Chama cha walimu kikaenda mahakamani. Siku chache kabla kifungu kile hakijaanza kutumika, hakimu akakisimamisha. Aliona kwamba kwa walimu wengi mitandao hiyo ndiyo njia kuu, pengine njia pekee, ya kuwasiliana na wanafunzi, na kwamba kwa jinsi sheria ilivyoandikwa, hata mwalimu ambaye ni mzazi angekatazwa kuwasiliana na mwanawe mwenyewe huko. Haikupita miezi mingi wabunge wa jimbo wakakifuta kifungu hicho, na wilaya za elimu zikatakiwa ziandike sera zao.

Jiji la New York lilikwenda kwa njia nyingine. Mwongozo wake wa mwaka 2012 ulitenganisha akaunti ya mwalimu kama mtu binafsi na akaunti yake ya kazi. Kwenye ile ya binafsi, hapana urafiki na wanafunzi wa sasa, isipokuwa kama ni ndugu. Kwenye ile ya kazi, karibu, ila mkuu wako awe ameidhinisha, na ujue kwamba wasimamizi wanaweza kusoma kila kilichomo. Mimi nauona ni mwongozo wa watu waliowahi kuingia darasani. Ulikuwa na tundu lake, maana haukugusa meseji za kawaida za simu, na huko ndiko mazungumzo mengi ya hatari yanakofanyika. Lakini msingi wake ulikuwa sahihi: haukuuliza tu mwalimu na mwanafunzi wanaongea wapi, uliuliza ni nani mwingine anayeweza kuona.

Hili tunalijua sote tangu chuo cha ualimu. Ukiongea na mwanafunzi mmoja ofisini, mlango unauacha wazi. Haimaanishi kwamba unashukiwa, wala kwamba wapitao wanasikiliza kila neno. Maana yake ni kwamba anayepita anaona mwalimu na mwanafunzi wanaongea, na wao wawili wanajua kwamba wanaonekana. Kwenye simu mlango huo haupo mpaka mtu auweke, na kuuweka si kazi ya mwalimu mmoja mmoja. Ni kazi yenu.

Nieleze mambo yanavyoharibika, kwa sababu nyaraka zenu zinazungumzia mwisho wake tu. Zinakataza lugha chafu, picha zisizofaa na mahusiano ya kimapenzi. Mtoto akishafikishwa hapo, muda wa kumsaidia bila majeraha umekwisha kupita.

Mwanzo ni swali la hesabu kwenye grupu, saa kumi na moja jioni. Mwalimu anajibu pale pale, wote wanasoma. Siku nyingine jibu linakuja pembeni: "Nimekufuata inboksi ili wenzako wasikucheke." Hapo bado ni hesabu. Kisha saa zinaanza kusogea, saa mbili, saa nne, saa sita kasoro. Hesabu inapungua. "Leo nimekuona mnyonge, kuna nini?" Mtoto anaeleza. "Hao wenzako hawakuelewi. Mimi nakuelewa." Baada ya hapo mazungumzo yanahamishwa: "Njoo kule kwingine, huku kuna kelele." Na huko kwingine ni mahali ambapo ujumbe unafutika wenyewe. Snapchat ilijengwa juu ya wazo hilo tangu 2011, na WhatsApp nayo iliongeza ujumbe wa kutoweka mwaka 2020, kwa hiyo siku hizi hata kuhama hakulazimu. Mwisho unakuja mstari mmoja mfupi: "Haya yabaki kati yetu."

Yasomeni tena mazungumzo hayo, mtafute lugha chafu iko wapi. Haipo. Kila sentensi, ukiitoa peke yake, mwalimu mwema angeweza kuiandika. Kinachobadilika ni saa, mahali na siri. Sheria inayosubiri tusi itachelewa kila mara. Lakini sheria inayosema kwamba mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi hayahami kutoka kwenye akaunti ya shule, hayawekewi kujifuta, na mtoto haambiwi aweke siri, inamnasa mtu hatua ya kwanza kabisa, wakati bado ni hesabu. Na ikimnasa mwalimu asiye na nia mbaya, anaambiwa tu: rudi kwenye grupu. Hakuna kesi, hakuna aibu.

Wakati mwingine anayeanza ni mwanafunzi. Kijana wa miaka 16 kumpenda mwalimu wake si ajabu wala si uhalifu, ni umri. Anatuma moyo, anatuma shairi, analaiki picha zako zote mpaka za miaka mitano nyuma. Kuweka mpaka ni wajibu wa mtu mzima, hata kama mtoto ndiye aliyeuvuka, na anayeshindwa kuelewa hilo atafute kazi nyingine. Lakini niwaulize swali ambalo hakuna waraka uliowahi kulijibu. Mwanafunzi akinitumia picha yake ya uchi, nifanye nini dakika ile? Nikiifuta, nimeharibu ushahidi. Nikiiacha, nina picha ya mtoto kwenye simu yangu, na katika nchi nyingi kumiliki picha ya namna hiyo ya mtu aliye chini ya miaka 18 ni jinai. Nikimtumia mkuu wa shule ili aone, nimeisambaza, na hiyo nayo ni jinai. Mwalimu mgeni kazini, ameshika simu usiku, mikono inatetemeka, anatakiwa ajue pa kupiga simu mara moja na maneno ya kusema, bila kutuma kitu kwa mtu yeyote. Hilo jibu liandikwe kwa sentensi tatu, libandikwe ofisi ya walimu.

Upande wa pili yupo mwalimu asiye na kosa. Skrinshoti inakatwa juu na chini, inabaki "njoo ofisini kesho, usichelewe", kisha inapewa maelezo mapya na kusambazwa kabla ya kengele ya kwanza. Huyu anajitetea kwa nini? Simu ni yake, kwa hiyo akionyesha mazungumzo kamili ataambiwa ameyafuta mengine. Nawajua walimu, hasa wanaume, walioamua kwamba dawa ni kutomjibu mwanafunzi yeyote, kwa jambo lolote. Siwezi kuwalaumu, na wakati huo huo naona nani anayelipia uamuzi huo: yule mtoto wa usiku niliyemtaja juu. Kumbukumbu inayotunzwa na shule ingewalinda wote wawili, mwalimu kwa mwanafunzi.

Sasa tuje kwenye namba za simu, jambo linaloonekana dogo. Ukimweka mtu kwenye grupu la WhatsApp, namba yake inaonekana kwa wote waliomo. Grupu la darasa lina wanafunzi, wazazi, walezi, kaka wakubwa waliopokea simu kwa niaba ya mama, na mara nyingine mtu aliyeingia kwa linki ambayo hakuna anayejua ilitumwa na nani. Wiki inayofuata binti anapata ujumbe: "Mambo, nimeona namba yako kwenye grupu la darasa, wewe ndiye ulikuwa umevaa sweta jekundu siku ya mkutano?" Aliyempa mtu huyo namba ni shule. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Na kinga zipo, hazihitaji hata mtaalamu: tangu 2018 admini anaweza kufunga grupu ili yeye tu aandike, na kwenye chaneli zilizoanza 2023 wafuasi hawaonani namba. Matangazo ya shule yangehamia huko kesho asubuhi. Linki ya mwaliko nayo ingefutwa kila darasa likishajaa. Ni kazi ya dakika kumi, kwa mtu aliyepewa jukumu hilo. Bahati mbaya hajapewa mtu.

Umri je? WhatsApp, Facebook na Instagram zote zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Mpaka huo unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za watoto walio chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Huko Ulaya, WhatsApp ilidai miaka 16 mpaka mwaka 2024 ilipoishusha kuwa 13. Pamoja na hayo, kuna madarasa ya watoto wa miaka kumi na kumi na moja yenye magrupu, na mtoto anaambiwa na mwalimu wake ajiunge. Yaani shule, ambayo asubuhi inamwadhibu kwa kusema uongo, jioni inamtaka adanganye mwaka aliozaliwa ili apate kazi ya nyumbani. Na milango inazidi kubana: nchini Australia, tangu tarehe 10 Desemba 2025, majukwaa kama Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat yanatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti. Shule inayotundika masomo yake kwenye ukurasa wa Facebook ijue kwamba imeyajenga kwenye kiwanja cha mtu, na mwenye kiwanja anaweza kubadilisha masharti siku yoyote.

Asiye na simu kabisa sitamzungumzia kwa kirefu, kwa sababu jambo lake halihitaji maelezo. Kazi ikitangazwa kwenye grupu saa mbili usiku na kusahihishwa saa mbili asubuhi, huyo amefeli kabla hajaisoma. Kinachotumwa kwenye simu kiwe kimeandikwa ubaoni kwanza. Basi.

Kuna jambo ninalolichukia zaidi, na hapa naomba mniwie radhi kwa ukali wangu, kwa maana nalielekeza pia kwa walimu wenzangu. Walimu wanaowarekodi watoto ili wapate watazamaji. Mtoto anashindwa kusoma neno ubaoni, darasa linacheka, mwalimu ameshika simu, na jioni video iko TikTok na muziki juu yake. Mtoto analia kwa sababu mama yake ameondoka, video. Majibu ya kuchekesha kwenye karatasi ya mtihani, jina na mwandiko vinaonekana, picha. Watu wanaandika "hahaha, watoto bwana", na mwalimu anahesabu wafuasi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unampa mtoto haki ya faragha na kulindiwa heshima yake. Mwaka 2021 kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia mkataba huo ilitoa maoni yake namba 25, ikaeleza kwamba haki hizo zinamfuata mtoto mpaka kwenye mazingira ya kidijitali. Sihitaji mkataba kuelewa hili, lakini kwa kuwa mnapenda vifungu, hivyo hapo. Yule mtoto atakuwa na miaka 25, anaomba kazi, na video ya yeye kushindwa kusoma "kikombe" itakuwa bado inazunguka. Naomba hili liwe katazo bila mjadala: sura, sauti, jina na kazi ya mwanafunzi haviendi kwenye akaunti ya mwalimu. Mzazi kusema "sawa tu" hakutoshi, maana mzazi naye siye aliyechekwa.

Lakini mkinikaza upande huo, nilegezeeni upande wa maisha yangu. Mwaka 2009, katika jimbo la Georgia, Marekani, mwalimu mmoja kijana alijiuzulu, na akasema alishinikizwa, baada ya barua pepe isiyo na jina kuifikishia shule malalamiko kuhusu ukurasa wake wa Facebook. Kulikuwa na picha zake za likizo ya Ulaya akiwa ameshika mvinyo na bia. Hakukuwa na mwanafunzi kwenye picha wala kwenye orodha ya marafiki zake. Mtu mzima alikuwa likizoni. Tofautisheni, tafadhali, mwalimu anayemtafuta mwanafunzi mtandaoni na mwalimu ambaye mwanafunzi amemtafuta akamwona anacheza kwenye harusi ya rafiki yake. Mitandao yenyewe inatukutanisha: namba yangu ikiwa kwenye simu za wanafunzi arobaini, haichukui muda sura yangu kuanza kupendekezwa kwao kama mtu wanayeweza kumfahamu, na zao kwangu. Sikuomba urafiki huo, na laini ya shule ingeuzuia kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo ninachotaka kwenu ni vitu vya kushikika. Laini na akaunti zinazomilikiwa na shule, zikiwa na nywila zinazobaki shuleni mwalimu akiondoka. Watu wazima wawili katika kila grupu lenye wanafunzi, mmoja wao asiwe mwalimu wa darasa hilo, na asiwe rafiki yake wa karibu pia, maana tunajuana. Saa za kujibu zijulikane kwa wazazi na wanafunzi, ili nikinyamaza saa nne usiku isionekane nimemdharau mtu. Mwenye ndugu au mtoto wake shuleni aandike kwamba ni ndugu yake, yaishe, asilazimike kumtoa mpwa wake kwenye grupu la familia. Kwa waliomaliza shule, wekeni muda. Mimi ningependelea mwaka mmoja baada ya kumaliza na awe ametimiza miaka 18, lakini mkiwa na sababu ya kuweka mwingine nitausikiliza. Kinachonisumbua ni kwamba sasa hivi hakuna wowote, na kuna watu wanaohesabu siku za mahafali.

Ule ujumbe wa usiku, wa mtoto anayesema anaumia, nao uwe na njia yake. Mwalimu amjibu, asimwache hewani. Asimwahidi siri asiyoweza kuitunza, bali amwambie waziwazi nani mwingine atahusishwa na kwa nini. Asifute chochote. Kabla ya siku kuisha mwalimu wa ushauri nasaha awe amejulishwa, na kama maisha yako hatarini, usiku ule ule. Mwalimu aliyefuata njia hiyo asije kuulizwa baadaye kwa nini alikuwa akiongea na mwanafunzi saa hizo. Nawaomba mliandike hilo la mwisho kwa wino usiofutika, kwa sababu hofu ya swali hilo ndiyo inayowafanya watu wema wazime simu.

Na mnapoandika sera hiyo, wekeni wanafunzi kwenye chumba. Si mmoja wa kupamba picha ya pamoja, wawe kadhaa, na wapewe muda wa kusema. Wao wanajua ni mwalimu gani anatazama stetasi zao zote usiku, ni programu gani imehamiwa mwezi huu, na kwa nini hawakumwambia mtu. Wazee tulio kwenye vikao tunazungumzia Facebook, mahali ambapo wengi wao hawajakanyaga.

Najua jibu la haraka litakuwa fedha. Laini za simu, simu zenyewe, mtu wa kuzisimamia. Nakubali kwamba hazitoki hewani. Ila sasa hivi gharama hiyo haijafutika, imehamishiwa tu kwa mwalimu: simu yake, data yake, usiku wake na jina lake. Anzeni hata na simu moja kwa kila kidato, ikae ofisini, ichukuliwe na mwalimu wa zamu. Si lazima iwe ya kisasa.

Siku ya kwanza ya muhula nitasimama mbele ya darasa jipya na kuandika namba ya simu ubaoni, kama ninavyoagizwa kila mwaka. Naomba kabla ya siku hiyo mniambie, kwa maandishi, niandike namba ipi, na nani mwingine atakuwa anasoma kinachotumwa humo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa darasa